Shajara ya Wiki, kwa Mwalimu Probert

Jumatatu niliandika: taarifa ya habari, nusu saa;
makala mbili za gazeti; kipindi kuhusu nyuki.
Uongo, mwalimu. Nyuki niliwatazama dakika nne,
nikawaacha wahangaike na malkia wao,
nikaenda kwa mwanamke wa Osaka anayefua mazulia.
Zulia moja. La pili. La saba.
Maji yakitoka meusi, kisha ya kahawia, kisha meupe,
nami kitandani, mswaki sijagusa,
nasema la mwisho hili, wallahi la mwisho,
hadi paka akaja kudai kifungua kinywa.

Simu haijui kusitiri.
Kila Jumapili huniletea hesabu kama mwenye duka la mkopo:
saa tano na dakika hamsini na mbili, kwa siku.
Nilizigawa kwenye jedwali ulilotupa,
taarifa, elimu, burudani,
nikakosa safu ya kufungua, kufunga, kufungua tena,
kama mtu anayechungulia jokofu
akitumaini kwamba tangu dakika ile
kuna aliyepika.

Kisha jalada la jarida la muziki.
Mwanamuziki sina. Nina kaka.
Iestyn, miaka kumi na tisa, hupakia mikate usiku kiwandani,
hajawahi kupiga hata kijiko kwenye sufuria.
Nilimvika koti la marehemu babu,
nikamsimamisha nje ya karakana ya matairi
(hapa Llanelli mvua hainyeshi, imepanga chumba),
nikamwambia: itazame kamera kana kwamba inakudai.
Akacheka.
Nikamwambia asicheke.

Insha yangu, kurasa sita, ilikwisha kueleza
namna majalada yanavyofuta mikunjo, vinyweleo, uchovu.
"Uso wa jalada haupigwi picha, huchongwa."
Ukaweka alama ya vema yenye mkia mrefu.
Usiku uleule nilimkuza kaka yangu
mpaka ngozi ikawa miraba,
nikapita na brashi.
Weusi chini ya macho, ukaondoka.
Chunusi, zikaondoka.
Kovu la kidevuni.

Kovu lile ni langu.
Nilikuwa na miaka sita, nimeketi kwenye usukani wa baiskeli yake,
tunateremka mlima wa kanisa,
nikaingiza mguu kwenye njiti za gurudumu
kwa kutaka tu kujua.
Yeye alitangulia chini, mimi nikaangukia juu yake.
Mama alipouliza, alisema aliteleza peke yake.
Mbofyo mmoja.
Halikupiga hata kelele.

Ishirini na tatu kwa ishirini na tano.
"Anang'aa kama nyota kweli," uliandika.
Mama akalibandika jalada mlangoni mwa jokofu.
Iestyn alirudi saa moja asubuhi, unga kwenye nyusi,
akasimama, akalitazama
kwa muda ambao siku hizi hatukipi kitu chochote,
akajipapasa kidevu,
akauliza, wala hakukasirika, "Nani huyu?"
Halafu akatoa maziwa.

Basi naandika upya.
Alhamisi: picha moja, ile ya asili, anayocheka,
jino la pembeni limempanda mwenzake.
Dakika arobaini. Haina sauti.
Safu yake siijui, niambie wewe.
Kitufe cha kurudisha nyuma kipo, nimekibonyeza
mara nyingi kuliko ilivyohitajika,
na faili mpya nimekutumia.
Alama zikipungua, zipungue.

Mazulia bado natazama, sikufichi.
Jana lilikuwapo moja jekundu, la zamani,
doa katikati limegoma sabuni tatu.
Mwanamke akalisugua, akalisuuza, akapiga magoti, akalinusa.
Akainua mabega.
Akalikunja vivyo hivyo.